Karakana ya useremala uani, futi 8 kwa 14: nilivyoipanga, nilivyopasua gogo la mwembe, na nilikoharibu

#1 Fundi wa Uani

Wakuu, salaam.

Tangu nitaje kwenye ule uzi wa vitanda kwamba fanicha zangu natengeneza mwenyewe nyumbani, meseji hazikatiki. Wengi swali ni moja: nyumba yenyewe ya kawaida tu huku Tabata, ua gari likiingia watu wanapita kiubavu, hizo mashine unaziweka wapi? Nimeona niandike hapa mara moja, mafundi wa kweli wanikosoe na wenye nia wachukue wanachotaka. Mimi sijasomea. Mshahara natafuta ofisini, useremala ni wa jioni na Jumamosi, mwaka wa nne sasa.

Eneo ni uchochoro kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa fensi. Upana futi 8, urefu futi 14. Nimemwaga zege chini, juu nikatupia bati, mbili kati yake zile za plastiki zinazopitisha mwanga. Wife anapaita "stoo yenye kelele" na sina hoja ya kumpinga.

Kilichonichelewesha miezi sita ni kudhani kwamba nafasi inaliwa na mashine. Mashine ukimaliza kazi unaisukuma kando. Mbao ya futi 12 unaisukuma wapi? Ukitaka kuipitisha kwenye mashine ya kuranda unene unahitaji futi 12 mbele ya mashine na nyingine 12 nyuma yake, na mimi nina 14 ukuta hadi ukuta. Nikawa kila Jumamosi natoa mashine nje, naburuza waya, wingu likitanda narudisha mbio kama mtu aliyeanika mpunga.

Dawa ilikuwa tundu. Mlango wa karakana uko upande wa jikoni. Ukuta wa mwisho, unaotazamana na banda la kuku, nimetoboa kidirisha cha sentimita 40 kwa 40 chenye kifuniko cha mbao na bawaba, usawa uleule wa meza ya mashine. Mbao inaingilia mlangoni, inapita kwenye mashine, inatokea kwa kuku. Mwanzoni walikuwa wanatawanyika. Siku hizi jogoo anaipanda kabla haijamaliza kutoka.

Jambo la pili ni kimo cha meza. Benchi langu lina magurudumu manne yenye breki, na nimelitengeneza liwe chini ya meza ya msumeno kwa milimita 2 tu. Nikipasua mbao, benchi lipo nyuma ya msumeno linapokea. Nikimaliza nalivuta katikati, linakuwa benchi la kuungia. Zingekuwa meza mbili tofauti nisingekuwa na pa kusimama.

Mashine ya kuranda na msumeno wa kukatia pembe vinakaa kwenye meza moja ya kupinduka. Uso wa meza umepitishwa bomba la chuma katikati: mashine moja juu, nyingine inaning'inia chini kama popo. Unachomoa pini mbili za nondo, unapindua, unarudisha pini. Zirudishe kabla hujaachia mkono, maana mashine ya kuranda ina zaidi ya kilo 30 na haijui kwamba wewe ndiye mwenye nyumba.

Umeme. Mwaka wa kwanza nilitumia ile ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu, mita 30, nimefungua mita tano hivi, zilizobaki zimejiviringa. Mashine ya wati 1,800, nusu saa, nikasikia harufu ya plastiki. Kufungua, nyaya za ndani zimegandana kama tambi zilizopitiliza jikoni. Waya ukiwa umeviringwa joto halina pa kutokea. Sasa nina laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya wa 2.5 (milimita za mraba), swichi yake ya kujikata, kazi ya fundi umeme. Wanaouliza habari za Luku: wati 1,800 ikizunguka saa nzima mfululizo ni uniti 1.8, na mashine haizunguki saa nzima. Jumamosi yangu hula uniti mbili, tatu.

Kelele: nawasha kuanzia saa tatu asubuhi, nazima saa kumi na moja jioni. Jumapili hapana, na Ijumaa ile ya adhuhuri pia hapana. Jirani nilimtengenezea kigoda bure mwezi wa kwanza. Hiyo haikuwa rushwa.

Habari ya gogo nitaleta usiku, ngoja nile kwanza.

#2 Naweka Kambi

Nimeshusha begi hapa. Mkuu usitukimbie kama wale wa "nitarudi baadaye" wa 2019.

#3 Kichwa Ngumu

Samahani kwa swali la kishamba. Kwa nini ujitese? Si uende Buguruni ununue mbao, wakurandie palepale, uje kuunga tu?

#4 Mzee wa Keko

Kichwa Ngumu, swali lako si la kishamba, na nitakujibu kwa sababu nimelilipia.

Nimeingia Keko 1987 nikiwa saidia fundi. Mbao ya msindano unayoshushiwa leo kutoka Mufindi, juzi tu ilikuwa mti. Ukiigusa ina ubaridi. Ukiinyanyua unajua. Sasa wanakurandia palepale ikiwa mbichi, inatoka imenyooka kama rula, unafurahi, unaunga meza. Baada ya miezi miwili meza inaanza kuongea usiku: ta! Asubuhi unakuta ufa. Mteja anakuja juu, anasema fundi kaiba gundi. Gundi haijaibiwa, mbao ndiyo imemaliza kukauka ukiwa umeshaifunga misumari.

Ubao hausinyai sawa pande zote. Kwa urefu hausogei, sahau hilo. Kwa upana unasogea, na ukiufuata mviringo wa zile pete za mti unasinyaa karibu mara mbili ya ukielekea kutoka moyo kwenda gome. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa pembeni mwa gogo unajikunja kama kigae cha paa, na ule uliopita kwenye moyo wenyewe unapasuka katikati. Tazama kichwa cha ubao kabla hujatoa hela. Pete zikisimama wima, chukua. Zikiwa zimelala kama tabasamu, chukua kwa bei ya tabasamu.

Halafu wewe Fundi wa Uani. Kidirisha chako cha kuku nimekipenda, lakini nina ugomvi nacho. Kwa nini unapitisha futi 12 mashineni? Kitu gani cha nyumbani kina futi 12? Kata kwanza, ndiyo uranda. Ubao wa futi 12 wenye mpindo wa sentimita 3 katikati ukiuranda mzima hadi unyooke unabaki na karatasi. Ukate vipande vitatu vya futi 4, kila kipande mpindo wake ni milimita 3 na kidogo. Unaranda kidogo, unene unabaki, na futi zako 14 zinatosha bila kutoboa ukuta wa mtu.

#5 Fundi wa Uani

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenikamata. Nilichokuwa nafanya ni kuranda yote kwanza "ili zifanane", halafu ndiyo napima. Nusu ya unene nilikuwa naifagia jioni. Siku hizi kidirisha nakitumia kwa mbavu za kitanda tu, zile hazikwepeki, zinazidi futi 6.

Sasa gogo.

Mtaa wa pili kulikuwa na mwembe mkubwa umeegemea nyaya za umeme, ukakatwa. Mwenye nao alitaka kuuza kuni. Nikamwomba kipande cha chini, futi 7, kipenyo kama sentimita 55. Kabla ya kugusa nilipita serikali ya mtaa na kwa afisa misitu wa wilaya kuuliza utaratibu, maana mbao ikishapanda gari bila karatasi ni kesi hata kama mti ulikuwa wa bibi yako. Tukapasulia palepale.

Nilimtafuta kijana mwenye chenisoo na ile fremu ya chuma inayofungwa kwenye bapa lake, unaweka kimo, unaisukuma gogo zima. Mkato wa kwanza unahitaji njia iliyonyooka, kwa hiyo tulipigilia ngazi ya aluminiamu juu ya gogo ndiyo fremu ikatelezea hapo. Mkato wa pili na kuendelea unafuata uso wa wa kwanza.

Na mnyororo uwe wa kupasulia. Mnyororo wa kawaida umenolewa kwa kukata mti kwa kukingama, meno yake yana pembe ya kama digrii 30. Kupasua kwa urefu yananolewa karibu na digrii 10. Kijana alikuja na wa kawaida, tukakaa chini saa nzima na tupa. Ukiona unga unaotoka ni vumbi jembamba, mnyororo umechoka. Ukiwa mkali unatoka chengachenga.

Mkato wa nne, kraaa, cheche. Ndani ya mwembe kulikuwa na msumari wa inchi sita na mita nzima ya waya wa kuanikia nguo, mti umeumeza miaka mingi iliyopita. Watu wa Dar tunapigilia kila kitu kwenye mwembe: bango la fundi cherehani, tangazo la chumba, kamba ya nguo. Mnyororo ule uliisha pale. Mti wa uani unapasuliwa ukijua kuna chuma ndani yake, kwa hiyo beba mnyororo wa akiba.

Tulipata mbao kumi za inchi moja na mbili za inchi mbili. Nikazibeba kwa fahari, nikazisimamisha zimeegemea ukuta wa bati upande wa jua, "zikauke haraka".

Wakuu. Wiki tatu. Saba zilikuwa zimejisokota kama mkia wa nguruwe. Zilizobaki zilikuwa na mabaka ya bluu na vitundu kama vya sindano, na unga mweupe chini yake. Wadudu walikuwa wameshafanya mkutano mkuu.

Nilichookoa ni tatu. Safari ya pili (tawi nene la mwembe uleule, mwenye nao alikuwa bado hajaliuza) nimefanya hivi: siku ileile ya kupasua, rangi ya mafuta kwenye vichwa vyote viwili vya kila ubao, kwa sababu maji yanatokea vichwani haraka kuliko ubavuni na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Mbao zote nikazipaka boraksi (chumvi inayozuia wadudu) iliyoyeyushwa kwenye maji. Kisha nikazilaza, hazisimami tena, juu ya matofali yaliyopimwa kwa pima maji, na kati ya ubao na ubao vijiti vya inchi moja, kila sentimita 40, kijiti juu ya kijiti kwa mstari mmoja wima. Kijiti kikikaa pembeni ya mwenzake, ubao unakunjika hapo. Juu nimeweka bati na matofali ya uzito. Pembeni wazi, upepo upite, jua lisifike.

Rundo lenyewe linakaa chini ya upenu wa nyumba, upana futi 2, urefu futi 8. Ndilo lililokula nafasi kuliko mashine zote kwa pamoja. Mtu anayepanga karakana ndogo apange kwanza rundo litalala wapi, mashine zitajipanga.

#6 Dada wa Plaiwudi

Mimi nipo ghorofa ya tatu Kimara, karakana yangu ni baraza la nyuma, mita 1.5 kwa 3. Msumeno wa meza nisiuote, mwenye nyumba atanitupa nao. Nina meza ya kukunja yenye bawaba ukutani: ikifunguliwa ni benchi, ikifungwa ina unene wa kiganja na watoto wanapita. Plaiwudi nakatisha dukani kwa vipimo vyangu, wanatoza kidogo kwa kila mkato. Nyumbani nabaki na drili, msasa, ruta ndogo (ya kuchonga kingo) na krampu za kubania.

Somo langu moja: krampu ndizo nafasi. Nikiwa nazo nne, meza yoyote ya jikoni inakuwa benchi.

Ila huo unga mweupe chini ya mbao umenitisha. Kwa hiyo kimeza changu cha mwembe kutoka barabarani kipo hai?

#7 Fundi wa Uani

Dada, kifagie leo usiku chini yake, uangalie kesho asubuhi. Unga mpya ukiwepo, wapo ndani wanakula. Usipokuwepo hata baada ya wiki, huenda vile vitundu ni makaburi tu.

#8 Mtoto wa Mafinga

Naomba kuongezea kwa upande wa huku tunakotoa misindano.

Mbao nyingi ya Mufindi inapasuliwa kwa zile mashine ndogo tunaziita dingdong, msumeno wa duara na injini, gogo linasukumwa kwa mikono ya watu. Ni mashine ya kazi na imejenga nyumba nyingi. Lakini unene unategemea mkono wa anayesukuma na asubuhi alikunywa nini. "Moja kwa nane" (unene inchi moja, upana inchi nane) ukipima kwa kalipa upande huu ni milimita 22, upande ule 28. Ndiyo maana ukitaka mbao safi ya milimita 18 nunua ya inchi moja uwe tayari kutupa, na chagua mwenyewe. Usikubali "zote sawa mkuu".

Halafu hesabu ya chenisoo ya mtoa mada. Mkato wa chenisoo unakula karibu sentimita nzima. Ukipasua mbao za sentimita 3, kila ubao unalipa sentimita 1 ya vumbi: robo ya gogo imeenda na upepo. Msumeno wa mkanda unakula milimita 2 au 3. Kwa gogo moja la mwembe wa bure hakuna shida. Kwa gogo la mkangazi au mtiki ulilolinunua kwa hela, litafutie msumeno wa mkanda hata kama ni mbali.

#9 Pawasoo254

Hodi kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku hiyo chenisoo tunaiita pawasoo, na mimi ndiyo ugali wangu.

Kenya tulifungiwa kukata miti ya misitu ya serikali Februari 2018. Kuanzia hapo kazi ikahamia mashambani, na mti wa shambani ni grevilia, huku kwa Wakikuyu na Waembu tunauita mukima. Mzee ana miti thelathini kwenye mpaka wa kahawa, anaita pawasoo inakuja hadi kwake, mbao inapasukia shambani. Grevilia ni mbao rembo, ina maua ya fedha ukiipasua moyo kwenda gome, lakini ni mti wa kiburi: gogo likilala wiki mbili kabla ya kupasuliwa, linajifungua nyufa lenyewe. Kata leo, pasua leo.

Na fundi asiniambie ati alishika pawasoo na ngazi ya aluminiamu bila kitu masikioni. Weka vizibo vya masikio. Mimi nina miaka 41 na bibi akiniita kutoka jikoni nasikia vile anataka nisikie. (Hiyo ya mwisho ina faida zake.)

#10 Naweka Kambi

Swali kwa mtoa mada. Umesema mashine yako inaranda unene. Nijuavyo hiyo inanakili tu: ukiingiza ubao uliojisokota unatoka mwembamba na umejisokota vilevile. Ile ya kunyooshea uso huna. Unafanyaje?

#11 Fundi wa Uani

Swali zuri sana, na jibu lake ndilo limenisaidia kutonunua mashine ya tatu.

Naweka ubao juu ya kipande cha plaiwudi nene kilichonyooka. Unacheza, pembe mbili zinaning'inia. Chini ya kila pembe nachomeka kabari ndogo hadi ubao utulie kabisa, ukiugonga hausikii "tak". Kabari nazishika na tone la gundi ya moto. Kisha plaiwudi na ubao vinaingia mashineni pamoja kama mgonjwa na machela. Kwa kuwa chini hakuchezi, kisu kinakula vilele vya juu tu. Mara nne, tano, milimita moja moja au pungufu, uso wa juu unakuwa bapa. Natoa plaiwudi, napindua, uso uliokwisha nyooka unakaa chini, sasa mashine inanakili unyoofu.

Ubavu: natafuta ubao mwingine ulionyooka, naupiga skrubu mbili juu ya huu kwenye sehemu nitakayokata baadaye, ule ulionyooka unatembea kwenye reli ya msumeno, huu unakatwa ukifuata. Upande wa pili sasa unaegemea huu.

Siranda hadi kipimo cha mwisho siku hiyohiyo. Naacha milimita 2, nazilaza juu ya vijiti siku tatu. Ubao ukivuliwa ngozi unaachia mvutano uliokuwa ndani na unaweza kujipinda kidogo tena. Siku ya nne ndiyo namaliza, nikitoa sawa pande zote mbili.

#12 Mzee wa Keko

Vizuri. Na usokoto unaupimaje? Kwa jicho tu?

#13 Fundi wa Uani

Kwa jicho mzee wangu, na mara nyingine linanidanganya.

#14 Mzee wa Keko

Chukua vijiti viwili vya mninga mkavu, urefu kama sentimita 50, virande hadi viwe pacha. Kimoja kipake chaki ukingo wa juu. Weka cha chaki mwisho wa ubao, kingine mwanzo, vimekingama. Chuchumaa, funga jicho moja, shusha macho taratibu hadi ukingo wa mbele ufunike mstari mweupe. Ukifunika wote kwa mara moja, ubao uko sawa. Ukiona weupe unachungulia kulia na kushoto umezimika, kona hiyo ya kulia iko juu. Alama ya penseli hapo, randa ya mkono hapo peke yake, chuchumaa tena. Vijana wananunua leza.

Nimesema mninga kwa sababu hausinyai kirahisi, ukikauka umekauka, ndiyo maana milango ya mninga ya wazee wetu inafunga mpaka leo.

#15 Mteja Aliyehamia Dodoma

Nipo hapa kama mhanga. Nilitengenezewa Dar meza ya chakula ya misindano, upana sentimita 90, nzuri mno. Nikahamishiwa Dodoma na ofisi. Baada ya miezi mitatu meza ikapasuka mstari mmoja kutoka kichwani hadi karibu katikati. Fundi anasema nimeiweka juani. Haijawahi kuona jua. Nani mwenye makosa?

#16 Fundi wa Uani

Pole mkuu. Kosa ni la skrubu.

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, mbao yetu ikikaa chini ya upenu inatulia kwenye asilimia 15 hivi ya maji na haishuki tena hata ukiiombea. Dodoma hewa ni kavu, ubao uleule unaendelea kushuka hadi kama 10. Kwa upana wa sentimita 90 za msindano hiyo ni karibu sentimita nzima ya kusinyaa. Kama uso wa meza ungekuwa huru, ungesinyaa kimyakimya, usingejua. Lakini ungeangalia chini ningekuhakikishia umefungwa skrubu ngumu kwenye fremu pande zote mbili. Unataka kurudi ndani, umeshikwa, unachanika.

Chini ya meza matundu ya skrubu yanatakiwa yawe marefu, kama tundu la kifungo cha shati, ili skrubu iteleze. La katikati peke yake ndilo la mviringo. Yako inatibika: fungua skrubu zote, iache wiki mbili bila fremu, ufa utajifunga kiasi, tia gundi, krampu, halafu rudisha kwa matundu marefu.

#17 Ughaibuni Muscat

Hiyo ya Dodoma ni cha mtoto. Nilikuja na kasha la mama kutoka Unguja, nikaliweka sebuleni chini ya AC inayokoroma mwaka mzima. Mfuniko ukafunguka ufa. Nimelihamishia ukumbini kusiko na AC, nikasoma post #16, kesho natafuta bisibisi.

#18 Nesi wa Zamu

Wakaka mmezungumza mbao, umeme na kuku. Vumbi je? IARC, kile kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani, kimeweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa ya pua. Vumbi la mvule linajulikana kwa kubana kifua na kuwasha ngozi. Kibanda cha futi 8 kwa 14 mtu akipiga msasa amefunga mlango ni kama anapulizia ndani ya ndoo. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, tafuta ile inayobana usoni.

#19 Fundi wa Uani

Asante dada, kweli nilipaswa kuanza na hilo. Ninayo mashine ya kufyonza, mbele yake ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na mabomba mawili: maranda yanazunguka na kuanguka kwenye ndoo, yanayofika kwenye mashine ni machache, kichujio hakizibi. Msasa napigia nje. Maranda ya msindano yanaenda kwa kuku, ya mvule na mninga hapana.

#20 Kichwa Ngumu

Sawa, nimekubali yaishe. Swali la mwisho: bila kile kipimo cha unyevu nitajuaje mbao imekauka? Au ndiyo kugusa shavuni kama Mzee wa Keko?

#21 Fundi wa Uani

Mzani wa jikoni. Kwenye rundo nina ubao mmoja nauita shahidi, urefu sentimita 90, nautoa kila Jumapili asubuhi, napima, narudisha palepale. Siku uliyopasuliwa ulikuwa gramu 4,580. Wiki ya nne 3,410. Wiki ya nane 2,990. Wiki ya kumi na mbili 2,885. Unapoona uzito umegoma kushuka, ubao umemaliza kuongea na hewa ya hapo.

Ukitaka asilimia yenyewe, kata kipande cha katikati (siyo cha kichwani), kipime, kiweke kwenye oveni kwenye digrii 103 hadi uzito usishuke tena, pima. Changu kilikuwa gramu 158, kikatoka 137. Maji yalikuwa 21, gawanya kwa 137: asilimia 15.3. Omba ruhusa ya oveni kwanza. Mimi sikuomba, na keki ya Jumapili hiyo ilinukia mwembe.

#22 Naweka Kambi

Mkuu mrejesho, rundo la pili limefikia wapi? Na picha ya jogoo.

#23 Fundi wa Uani

Shahidi wiki ya kumi na tatu: 2,875. Leo asubuhi, wiki ya kumi na nne: 2,875. Mbao zote zimelala bapa isipokuwa moja, ile ya juu kabisa, ambayo tofali lake lilidondoshwa na paka. Jumamosi saa tatu nawasha mashine. Jogoo nimemwambia.